Bonge, Kimbaumbau na Jina la Dereva

Jumatatu, 3 Juni

Nimekwisha! Nimekwisha kabisa, na nimejimaliza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kijiwe chetu ni saluni ya Kinyozi, ghorofa ya juu kabisa, juu ya duka la vitambaa. Ngazi nyembamba, hazina pa kushika. Leo nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti cha wateja wanaosubiri, mimi nisiyesubiri kitu, akaingia Utingo.

Huyu mtu alikuwa utingo wangu tangu sote tukiwa na meno yote. Mimi usukani. Yeye anafunga mzigo, anaweka mawe nyuma ya tairi, anapiga bodi kwa kiganja kuniambia twende. Kisha macho yangu yakaingia ukungu, leseni ikachukuliwa, lori likauzwa. Kilichobaki ni jina. Mtaa mzima unaniita Dereva. Hata mke wangu ananiita Dereva, siku ambazo hana hasira. Wajukuu nao. Jina hilo likiondoka nitabaki nani? Yule mzee wa nyumba ya kona mwenye kukohoa.

Siku hizi lori langu liko ndani ya gemu. Kinyozi ana kompyuta kuukuu yenye gemu ya malori, na sisi wazee wawili huicheza kwa zamu mpaka wateja wanune. Leo Utingo kaja na laptopu yake mwenyewe. Nyembamba! Kaibana kwapani kama gazeti. Kapewa na mkwewe. Akatangaza kwamba ameushuka ule Mlima, njia ngumu kuliko zote, bila kumwaga hata tofali. Akaongeza, kwa sauti iliyomfikia hadi mteja aliyefumba macho kwa ajili ya povu, kwamba hata zamani dereva alikuwa yeye. Mimi nilishikilia tu usukani usije ukadondoka.

Ningecheka yangeisha. Sikucheka. Nikataka shindano. Jumapili, Mlimani, mzigo wa matofali, atakayetangulia kuingia geti la bondeni ndiye Dereva. Atakayeshindwa ataitwa Utingo mpaka azikwe. Kinyozi awe mwamuzi. Watu wakapiga makofi. Mtu wa povu naye akapiga.

Ndipo yule nyoka akaweka sharti: kila mtu na mashine yake, na kila mtu aibebe mwenyewe, kwa mgongo wake, mpaka juu. Anaujua mgongo wangu! Muuguzi alinikataza kunyanyua chochote kizito kuliko birika la chai, na Utingo alikuwepo. Ndiye aliyenipeleka.

Nimekubali. Mashine yenyewe sina.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda dukani kwa mjukuu wangu. Huyu binti anauza kompyuta na kuzitengeneza, na ana subira kwangu kuliko baba yake. Nikamwambia nataka laptopu ya kushuka mlima na matofali. Hakucheka. Akanitolea mbili.

Ya kwanza nimeipa jina Bonge. Pana, nene, ina matundu ya kupumulia chini na ubavuni, na feni mbili ndani. Anasema nguvu yake ni kubwa, picha haikwami hata mvua inyeshe. Ila ni nzito, betri yake inakata upesi, na chaja yake ni kama tofali. Nilipoishika ile chaja nilidhani ndiyo laptopu.

Ya pili ni Kimbaumbau. Ungeweza kukatia nayo mkate. Kimya, betri inakaa kutwa nzima. Ila gemu nzito inamtoa jasho.

Nikamwuliza ipi bora. Akasema babu, inategemea unataka kukimbia au unataka kubeba. Nikamwambia nataka vyote. Akasema kila mteja anataka vyote. Kisha akaleta ya tatu, ya kati, si nene si nyembamba, akasema kwa mtu wa ngazi na mgongo kama wangu hii ndiyo yenyewe. Nikamkatalia palepale. Maishani mwangu sijaendesha kitu cha kati.

Akaniazima zote mbili mpaka Jumatatu nichague. Akanionya juu ya Bonge: nimweke mezani, nisimfunike, matundu yake ni pua zake. Nikaitikia kwa kichwa. Niliacha shule darasa la tano lakini kuitikia kwa kichwa nilikuwa nimeshahitimu.

Nimefika nyumbani na Bonge begani. Yaani, nimefika nusu yangu. Mgongo nimeuacha njiani karibu na duka la dawa.

Jumatano, 5 Juni

Ninaandika nikiwa nimelala kifudifudi. Mke wangu amenisugua mgongo kwa dawa inayonuka kama injini. Akasema wanaume wengine huzeeka, mimi ninarudi utotoni kwa gia ya juu.

Lakini Bonge! Nimemjaribu mezani. Nikapanda Mlima. Mvua ikanyesha, kila tone nikaliona likigonga kioo, waipa zikalifuta. Miti ikayumba. Vumbi likanyanyuka nyuma ya tela kwenye kioo cha pembeni, vilevile kama zamani. Nikasahau mgongo. Machozi yakanitoka kidogo. Nikasema ni dawa ya kusugulia.

Feni zilipoanza kuvuma mke wangu akatoka jikoni akiuliza nani kaacha birika. Nikamwambia ni nguvu hiyo. Akasema basi hiyo nguvu ichemshe maji ya kuoga.

Nikapiga hesabu ya dereva. Mzigo ukizidi, unapunguza visivyo vya lazima. Unaacha tairi la akiba. Tairi la akiba la Bonge ni ile chaja. Nikaichomoa, nikaendesha kwa betri peke yake ili nione.

Sikufika hata nusu ya Mlima. Bonge akaanza kuchechemea, feni zikanyamaza, halafu giza. Nikaona uso wangu kwenye kioo cheusi. Sura ya mtu anayeitwa Utingo.

Alhamisi, 6 Juni

Leo zamu ya Kimbaumbau. Nimembeba kwa vidole viwili, nimepanda naye ngazi za nyumba nikipiga mluzi. Nikasema moyoni, huyu ndiye! Mgongo hauna habari.

Nikawasha gemu. Lori linakwenda, linasimama, linaruka mbele, linasimama. Nikalifikia daraja. Picha ikaganda darajani. Nikatulia, nikiliangalia daraja, kila kitu salama. Picha ilipozinduka lori lilikuwa mtoni siku nyingi. Kwa nini hawakuniambia?

Nimempigia mjukuu wangu simu kulalamika. Akasema nizime miti, vivuli na mvua, nibakize barabara tupu, Kimbaumbau atakwenda bila kukwama. Nikashtuka. Barabara bila miti? Hiyo ni ramani! Mtu haendeshi juu ya ramani! Akasema basi babu, ile ya kati bado ipo. Nikamwambia simu inakatika.

Basi nimekwama. Mwenye nguvu habebeki, anayebebeka hana nguvu. Mimi mwenyewe sina nguvu na sibebeki.

Jioni nikamwambia mke wangu nimekata tamaa, Jumapili sitakwenda. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Akasema sawa, Utingo. Nadhani alikuwa anajaribu jina, aone linavyokaa mdomoni.

Nitakwenda. Nitakwenda na Bonge hata watubebe wote wawili.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata akili! Sharti linasema kila mtu abebe chake Jumapili. Halisemi kitu kuhusu Ijumaa. Chaja itatangulia.

Nikaitia kwenye mfuko chini ya kitambaa cha kujifutia, nikapanda kwa Kinyozi. Shida: Utingo alikuwepo, kajikalia na gazeti. Huwezi kukaa saluni na mfuko mzito mtu akikutazama bila shughuli. Nikasema nimekuja kunyolewa. Kinyozi akanikumbusha kwamba kichwani hakujaota kitu tangu mwaka juzi. Ndevu? Alizinyoa Jumatatu. Akazunguka kiti akinitafuta pa kunyoa kama mtu anayetafuta funguo.

Utingo akashusha gazeti.

Ikabidi niseme. Nikasema sharubu.

Sharubu zangu! Nilianza kuziachia siku nilipopata leseni. Kinyozi akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ziende. Alipokuwa ananipaka povu nikamnong'oneza, akanielewa, akausukuma mfuko kwa mguu hadi chini ya droo yake. Kinyozi mwema. Mdomo mzito. Namwamini.

Utingo akaniangalia kwenye kioo, akasema mzee leo umekuwa kijana. Kisha akatoka akicheka peke yake.

Nyumbani mke wangu alifungua mlango, akaniambia mwenyewe hayupo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeujaribu mzigo. Hata bila chaja Bonge ananing'ang'ania bega moja na kunivuta upande. Mzigo unaoning'inia upande mmoja unapindua lori. Dawa yake ni kuuweka katikati na kuufunga. Na mzigo gani unaosafiri bila turubai? Dereva mwenye heshima hapitishi mzigo uchi barabarani.

Nimelikata koti la mvua la mke wangu. La zamani. Kwa maoni yangu ni la zamani. Nimemfunika Bonge chini, ubavuni na nyuma, nikaacha kifuniko cha juu tu kifunguke, na tundu dogo la kupitisha waya wa chaja. Kamba mbili za begani. Kisha nikakaza na kufunga mafundo, yale yale aliyokuwa akifunga Utingo. Mimi sikuwahi kufunga turubai hata siku moja. Dereva hafungi. Lakini nilikuwa namwona kwenye kioo cha pembeni, miaka yote, mkono unakwenda hivi, unarudi hivi. Nimefunga vilevile nilivyokuwa naona.

Yamekaza! Nimeyavuta, hayatikisiki. Nimebeba mgongoni, nimezunguka chumba, nimesimama wima kama mwanajeshi. Mke wangu akauliza lile onyo la pua limekwendaje. Nikamwambia nikifika nitafungua.

Kisha nikajaribu kufungua, kwa mazoezi tu. Nikatumia kucha. Nikatumia uma. Nikatumia meno, yale yaliyobaki. Basi. Kesho yatalegea yenyewe. Mafundo hulegea usiku.

Akauliza pia koti lake la mvua liko wapi. Nimezima taa.

Jumapili, 9 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianzie ngazi.

Nimezipanda. Namshukuru Mungu na nawashukuru wateja wa duka la vitambaa walioniacha nipumzike juu ya majora yao. Nilipoingia saluni ilikuwa imejaa. Watu ambao hawajanyoa mwaka mzima walikuwepo. Mke wangu kaja na jirani. Mjukuu wangu kaja, akaliona turubai, akafungua mdomo, nikamwashiria aufunge.

Mafundo hayakuwa yamelegea.

Nikajifanya ndivyo ilivyokusudiwa. Nikafungua kifuniko, nikaweka mikono, nikaanza kutafuta soketi kama mtu asiye na wasiwasi. Hapo Kinyozi, mdomo mzito, mtu wangu wa siri, akaivuta droo na kutangaza mbele ya kadamnasi: Mzee, ile chaja yako uliyoniachia Ijumaa hii hapa, nimekuhifadhia!

Watu wakaniangalia mahali zilipokuwa sharubu. Mmoja mmoja wakaelewa. Mke wangu ndiye aliyeanza kucheka. Utingo akainua mkono akasema iachwe, mzee kainunua kwa bei yake.

Kinyozi akahesabu. Tukabonyeza pamoja.

Mwanzoni niliruka! Bonge alinguruma mpaka mteja mmoja akauliza kama ni mashine ya nywele. Nikapanda Mlima nikimwacha Utingo nyuma. Nikachungulia kioo chake: kazima kila kitu. Hakuna mti, hakuna wingu, barabara ya kijivu kama mstari wa chaki na lori lake likitambaa taratibu. Mjukuu wangu alimshauri yeye pia. Yeye alisikia. Nikamwambia barabara yake haina hata ndege. Akajibu kwamba ndege hawahusiki na breki.

Nikafika kileleni. Nikaanza kushuka. Meza ikaanza kuwa ya moto. Kisha mapaja. Koti la mvua likatoa harufu. Feni zikalia kama mtoto aliyefungiwa ndani, picha ikakwama, ikaendelea, ikakwama. Mjukuu wangu akapiga kelele, babu, pua! Nikavuta kamba. Nikavuta kwa meno mbele za watu.

Giza. Bonge amezima.

Nikakaa. Nilisikia mashine ya Kinyozi ikizunguka bila nywele. Nilitaka ngazi zile ziwe ndefu zaidi, ili nianze kushuka sasa hivi nisifike.

Utingo hakushangilia. Alilisimamisha lori lake juu ya mteremko wa mwisho, akavuta breki ya mkono, akainuka, akaja upande wangu. Akapiga magoti kwenye nywele za watu. Akashika kamba, akauliza nani kafunga hivi. Nikasema mimi. Akasema umefunga kinyume. Nikamwambia nimefunga kama alivyokuwa anafunga yeye, nilikuwa namwona kwenye kioo cha pembeni.

Akainua uso. Akasema, kumbe ulikuwa unaniangalia, mzee. Miaka yote alidhani nikisimama mimi nasinzia.

Akageuza mkono, vidole viwili tu, fundo likaanguka lenyewe. Bonge akapumua. Upepo wa moto ukamgonga Utingo usoni, naye akacheka, kainamisha kichwa, akaanza fundo la pili.

Na hapo, kichwa chake kikiwa chini ya meza yangu, mkono wangu ukanyooka.

Sikuutuma. Yaani, niliutuma kidogo. Ukafika kwenye mashine yake, ukaigusa ile herufi ya breki ya mkono, ukarudi mfukoni. Nilifikiri lori litapinduka, matofali yatamwagika, tutaanza upya, na Bonge kashapoa.

Lori likaanza kuteremka. Polepole. Nikasubiri lipinduke. Halikupinduka. Mteremko wa mwisho hauna kona! Nimeushuka nusu ya maisha yangu, nikasahau hauna kona! Likazidi mbio, likanyooka kama limetumwa, likaingia geti la bondeni katikati, likagota ukuta wa ghala na kutulia. Matofali yote juu ya tela. Kioo kikaandika hongera.

Utingo akatoka chini ya meza na kamba mkononi, akakuta ameshinda.

Ningeweza bado kusema ni shetani. Lakini saluni ina vioo. Mbele vioo, nyuma vioo. Kila mtu aliniona, na wengine waliniona mara mbili. Kinyozi akasema hata yeye, aliyenipa mgongo, ameuona mkono wangu ukienda na kurudi.

Utingo alilikunja lile koti la mvua vizuri, pembe kwa pembe, kama turubai la kweli, akampa mke wangu na kumwambia, shemeji, pole. Hilo ndilo lililoniuma. Angenitukana ningelala usingizi.

Kinyozi akanipa mkono rasmi. Akasema, karibu tena, Utingo.

Jumatatu, 10 Juni

Utingo. Muuza maji kaniita Utingo. Muuguzi kaniita Utingo, na alikuwa ananikanda mgongo, sikuweza kuondoka. Mjukuu mdogo kuliko wote kaniita Babu Utingo na kuniletea jiwe la kuweka nyuma ya tairi.

Dereva mpya alipita jioni. Aliniita Dereva, lakini kwa sauti ya chini, pale mlangoni, tulipokuwa wawili tu. Alisema tucheze pamoja, yeye atabeba mashine, mimi nitaendesha, kama zamani. Nikamwambia sihitaji huruma. Nikamwambia nataka marudiano. Akapangusa uso. Akasema sawa, Jumapili, sharti ni lile lile, kila mtu na mzigo wake.

Jumatano, 12 Juni

Mjukuu wangu alikuja jana kuchukua mashine zake, na akaja na ile ya kati. Akaniomba niijaribu tu, kumridhisha yeye. Nimeijaribu. Nimeibeba kwa mkono mmoja juu na chini ya ngazi, mgongo haukuuliza kitu. Mlimani mvua ilinyesha, miti ilikuwepo, picha haikukwama. Mke wangu akasema ameona sasa, jambo limekwisha. Mjukuu wangu akaniangalia kwa matumaini.

Nikasema ni nzuri. Nzuri sana. Nikauliza kama ipo kubwa kuliko Bonge.

Akakaa chini. Akasema ipo, lakini hiyo si laptopu, haikunjiki. Ni sanduku, na kioo chake mbali, na kibodi chake mbali. Nguvu yake ni mara mbili ya Bonge. Nikamwambia aniazime hiyo.

Limefika leo. Lina ukubwa wa kabati la kitandani. Linapumua vizuri, nguvu hazisemeki. Jumapili nitambeba huyu. Kosa la Bonge nimelijua: haikuwa turubai, ilikuwa mafundo. Niliyaona kwenye kioo, kwa hiyo yalikuwa kinyume. Safari hii nimesimama mbele ya kabati la nguo lenye kioo, nikafunga kinyume cha kinyume, sanduku, kioo na kibodi pamoja, juu ya pazia la sebuleni. Kamba tatu. Nimekaza kwa mguu.

Yamekaza! Hayatikisiki hata kidogo.

Mke wangu aliingia, akatafuta pazia kwa macho, akalipata. Akauliza ni nani atakayeyafungua. Nikamwambia, bila hata kugeuka, kufungua ni kazi ya utingo.

Ameniwekea uma mezani, akafunga mlango.